SOMO LA HESABU: KUTOKA TABORA MPAKA PWANI NI SAFARI YA MUDA GANI?

Ndugu msomaji, chukua kalamu na daftari.

Zamani safari hii ilihesabiwa kwa siku. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka Bagamoyo. Mwaka 1857 Wazungu wawili, Burton na Speke, walitoka pwani karibu na Bagamoyo pamoja na wapagazi wao. Walifika Kaze, karibu na Tabora ya leo, siku ya 134. Njia yao ilikuwa kama kilomita 965.

Gawanya 965 kwa 134. Utapata kilomita 7 na kidogo kwa siku. Je, walikuwa wavivu? La! Siku nyingine walitembea mbali zaidi. Siku nyingine walikaa tu: homa imewashika, wapagazi wametoroka, au wanangoja kulipa hongo kwa wakubwa wa nchi. Hesabu yetu imechanganya siku za kutembea na siku za kungoja.

Kanuni ni hii: UMBALI gawanya kwa MWENDO, unapata MUDA.

Sasa tupande ndege. Tuseme mama yako ni mgonjwa, na daktari wa Dar es Salaam atamwona saa 5 asubuhi. Ndege hukata moja kwa moja, kama kilomita 730. Tufanye inakwenda kilomita 500 kwa saa.

Saa 1 inamaliza kilomita 500. Zinabaki 230.
230 gawanya kwa 500, zidisha kwa 60, ni kama dakika 28.
Jibu: saa 1 na dakika 28.

Tiketi imeandikwa 08:00. Angalia sana hapo! Hiyo si saa 8 mchana. Ukienda saa 8 mchana, ndege imekwisha ondoka zamani, na mama amemkosa daktari. Saa za tiketi zinaanza kuhesabiwa usiku wa manane. Saa zetu za mchana zinaanza jua linapochomoza. Kwa safari ya mchana, toa 6. Basi 08:00 ni saa 2 asubuhi. Ndege itafika saa 3 na dakika 28.

Mpaka saa 5 imebaki saa 1 na dakika 32. Lakini bado kuna kungoja mizigo, kutafuta gari, na msongamano wa barabarani. Fanya kama msafara wa zamani: usihesabu mwendo peke yake, hesabu na kungoja.

MASWALI

1. Reli ya Tabora mpaka Dar es Salaam ni kama kilomita 840. Garimoshi likienda kilomita 40 kwa saa, litachukua saa ngapi?
2. Tiketi ya 14:00 ni saa ngapi yetu?
3. Ndege ya mama ikichelewa kuondoka kwa saa 1, itafika saa ngapi? Je, atamwahi daktari? Zungumzeni darasani.

Majibu: (1) Saa 21. (2) Saa 8 mchana. (3) Saa 4 na dakika 28. Zimebaki dakika 32 tu.