Ajira au utarajali? Busara ya mhitimu wa fedha



Mada ya leo imetoka kwa dada mmoja wa VIWAWA, Kibaha, aliyehitimu shahada ya fedha. Ana nafasi mbili mkononi. Moja ni ajira kamili hapo hapo Kibaha, afisa mikopo katika kampuni ya kukopesha. Nyingine ni utarajali wa miezi sita Kisarawe, kwenye uhasibu, kwa posho ya kujikimu tu. Mama yake ameshasema: mshahara ni mshahara.

Naanza na mama, maana sisi watu wa kanisani tuna tabia ya kumruka. Wadogo wako shule. Deni la Bodi ya Mikopo lipo, na ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, anafundisha kwamba kazi ndiyo inayomwezesha mtu kuijenga familia. Kwa hiyo kutaka mshahara si tamaa. Anayekuambia "nenda tu kajitolee, Mungu atajua", basi akulipie na nauli.

Sasa, Mtakatifu Thoma wa Akwino anaona hatua tatu katika busara: kuchunguza, kuamua, kisha kutenda. Wengi wetu tunaruka ile ya kwanza. Nilimuuliza huyu dada: riba yao ni kiasi gani? Mteja akichelewa mnamfanyaje? Hakujua. Alichoambiwa ni idadi ya wateja anaotakiwa kuleta kila mwezi.

Hapo ndipo penye uzito. Wote tunaijua "kausha damu": mkopo wa chap chap, marejesho kila siku au kila wiki, na mama wa genge akikwama wanakuja kubeba godoro. Si wakopeshaji wote wako hivyo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inawataka wawe na leseni, na kuuliza leseni si utovu wa adabu. Ila leseni haimalizi swali la dhamiri. Katekisimu, namba 2269, inawataja wafanyabiashara ambao riba na uchu wao husababisha njaa na vifo vya ndugu zao. Cha kushtua ni mahali ilipoliweka jambo hilo: si kwenye amri ya kutoiba, ni kwenye amri ya kutoua.

Je, Mkristo akimbie kazi za pesa? Hapana. Soma Luka 3:12-13. Watoza ushuru walimwuliza Yohane Mbatizaji wafanye nini, naye hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasitoze zaidi ya kiwango kilichowekwa. Kumbe maswali ya riba na ya ukusanyaji ni maswali ya sala kabisa. Omba uone mkataba wanaompa mteja kabla hujasaini wa kwako.

Utarajali nao usiupambe. Wapo waliomaliza miezi sita wakitoa kopi na kuagiza chai. Uliza nani atakusimamia, na kama utavigusa vitabu vya hesabu kweli. NBAA inataka uzoefu wa kazi pamoja na mitihani, hivyo miezi iliyosimamiwa vizuri ina thamani. Piga pia hesabu ya nauli ya Kibaha–Kisarawe kila siku. Posho yote inaweza kuishia kwenye daladala.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola ana zoezi moja zuri: mfikirie mtu usiyemjua kabisa, unayemtakia mema tu, aliye katika hali kama yako. Ungemshauri nini? Likalie kimya mbele ya Ekaristi, hata nusu saa.

Mimi ningesema hivi: mkataba wa mteja ukiwa safi, chukua ajira, na CPA utasoma jioni. Wakikataa kuuonyesha, nenda Kisarawe. Na kabla ya kwenda, kaa na mama, mwambie tarehe posho itakapoisha na utakachofanya kesho yake. "Tutaona" haitoshi, yeye ndiye anayedaiwa ada.