Teke la Bunduki: Namna ya Kulikabili na Kulinda Bega

Madhumuni ya somo

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya mwananchi anayemiliki bunduki kwa leseni, au anayekusudia kuomba leseni hiyo. Baada ya kulisoma, msomaji ataweza kueleza kwa nini bunduki humrudi mpigaji, kuchagua silaha inayolingana na mwili wake, kuishika ipasavyo, na kutambua jeraha la bega linalohitaji daktari.

1. Kwa nini bega la mmoja ni usalama wa wote

Mahindi yanapoanza kubeba, mkulima wa Mpitimbi, wilayani Songea, hulala shambani. Jioni hupanda dungu, huwasha moto kando yake, na usiku kucha husikiliza kama nguruwe pori wameingia mashamba ya pembezoni. Wengi hulinda kwa madebe, mbwa na kelele. Wapo pia wachache wenye bunduki za leseni, na kwao ndiko somo hili linakoelekea zaidi.

Tuchukue mfano. Mkulima ana bunduki ya marisau. Usiku wa kwanza anafyatua akiwa ameegemeza mgongo kwenye nguzo ya dungu, na kitako cha bunduki kikiwa juu ya msuli wa mkono badala ya begani. Asubuhi mkono umevilia damu. Hamwambii mtu, kwa kuwa kwa desturi yetu mwanamume hasemi kwamba bunduki imemwumiza. Usiku wa pili, kabla hata ya kufyatua, mwili unalikumbuka teke: jicho linafumba, bega linasukuma mbele, na mdomo wa mtutu unashuka. Marisau hayaendi alikokusudia, bali yanapiga nguzo ya dungu la jirani.

Mfano huu ni wa kufikirika, lakini hatua zake ni za kweli, na wakufunzi wa shabaha wanazijua vizuri. Maumivu huzaa woga, woga huharibu shabaha, na risasi iliyokosa shabaha huendelea na safari yake mpaka ikutane na kitu. Kwa hiyo anayelinda bega lake humlinda pia jirani yake.

Kabla ya kuendelea, msomaji azingatie kwamba leseni ya kumiliki bunduki si kibali cha kuua mnyamapori. Uwindaji husimamiwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Tembo au mnyama mwingine hatari akiingia shambani, toa taarifa kwa uongozi wa kijiji, ofisa wanyamapori wa wilaya, au Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA). Usijaribu kumkabili mwenyewe.

2. Teke hutoka wapi

Baruti inapowaka ndani ya mtutu, gesi yake huisukuma risasi mbele, na kwa nguvu ileile huisukuma bunduki nyuma. Hiyo ndiyo kanuni ya Newton: kila msukumo una msukumo wa kinyume ulio sawa nao. Bunduki haiendi kwa kasi ya risasi kwa sababu ni nzito kuliko risasi mara nyingi.

Hesabu ndogo itasaidia. Risasi ya gramu 20 inayotoka kwa kasi ya mita 750 kwa sekunde, ikipigwa na bunduki ya kilo 4, huifanya bunduki hiyo irudi nyuma kwa kasi ya mita 3.75 kwa sekunde. Risasi hiyohiyo ikipigwa na bunduki ya kilo 3, kasi ya kurudi hufikia mita 5 kwa sekunde. Ukikokotoa nishati inayofika begani, ya kwanza ni takribani jouli 28, na ya pili ni takribani jouli 38. Kupunguza kilo moja tu ya uzito kumeongeza pigo kwa theluthi moja. Gesi inayotoka mtutuni pamoja na risasi huongeza pigo hilo zaidi ya hesabu yetu.

Katika hesabu hii tunapata mambo matatu. Kwanza, risasi nzito na yenye kasi hupiga teke zaidi. Pili, bunduki nyepesi, inayosifiwa dukani kwa kuwa haichoshi kubebwa, ndiyo inayoumiza zaidi inapofyatuliwa. Tatu, sehemu kubwa ya teke huamuliwa siku ya kununua, kabla mpigaji hajaweka kidole kwenye kifyatulio. Ushupavu wa mpigaji haupunguzi hata jouli moja.

Hapa inafaa kulisemea gobore. Bunduki hii ya kienyeji hushindiliwa baruti kwa mdomo wa mtutu, na kipimo chake mara nyingi ni kiganja cha mtu. Baruti ikizidi, teke huzidi, na mtutu usiotengenezwa kwa kiwango unaweza kupasuka usoni mwa mpigaji. Hakuna namna ya kuishika silaha ya aina hiyo itakayoifanya iwe salama. Aidha, kuimiliki bila leseni ni kosa la jinai. Serikali imewahi kutoa vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari, kama ilivyofanya mwaka 2022. Anayeishi na silaha ya namna hiyo afuatilie matangazo ya Jeshi la Polisi.

3. Mambo ya kuangalia kabla ya kununua

Silaha na risasi nchini zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Nunua kwa mfanyabiashara mwenye leseni pekee, na dai stakabadhi. Kumbuka pia kwamba bunduki hairithiwi kama jembe: leseni ya marehemu haimhamii mwanawe. Familia inapaswa kutoa taarifa polisi, na mrithi aombe leseni kwa jina lake.

Ukiwa dukani, fanya yafuatayo:

(a) Hakikisha bunduki ni tupu. Muuzaji aifungue mbele yako, nawe uangalie kwa macho yako.

(b) Pima urefu wa kitako. Kunja kiwiko kwa pembe mraba na weka kitako ndani ya kiwiko hicho. Kidole cha shahada kinapaswa kukifikia kifyatulio bila kunyooshwa kupita kiasi. Kitako kirefu mno huteleza kuelekea msuli wa mkono, na kifupi mno huleta kidole gumba karibu na pua. Bunduki iliyomfaa baba mrefu huenda isimfae binti yake.

(c) Bonyeza mpira ulio mwishoni mwa kitako. Mpira mzuri hubonyea na kurudi. Uliokauka kwa jua na miaka huwa mgumu kama ukwato, na haupunguzi chochote. Kuubadilisha ni kazi ndogo kwa fundi aliyeidhinishwa.

(d) Uliza uzito wa bunduki na aina ya risasi inayotumia. Kwa bunduki ya marisau, soma urefu wa chemba ulioandikwa kwenye mtutu. Risasi ya milimita 76 haipaswi kuwekwa kwenye chemba ya milimita 70, hata kama inaingia. Mgandamizo wa gesi hupanda, teke huwa kali, na bunduki inaweza kuharibika.

(e) Jihadhari na kifaa cha kupunguza teke kinachofungwa mdomoni mwa mtutu. Ni kweli kwamba hupunguza msukumo, lakini huelekeza kishindo pembeni na nyuma, kwenye masikio yako na ya mwenzako.

Muuzaji akikupa maelezo ya uongo kuhusu bidhaa, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakulinda, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani (FCC). Stakabadhi yako ndiyo shahidi wa kwanza.

4. Namna ya kushika na kusimama

Maelezo haya ni ya mtu anayetumia mkono wa kulia. Anayetumia wa kushoto ageuze. Jifunze mbele ya mkufunzi, katika uwanja wa shabaha ulioidhinishwa. Kijitabu hakichukui nafasi ya mkufunzi.

Hatua ya kwanza: Simama miguu ikiwa imeachana kwa upana wa mabega, mguu wa kushoto ukitangulia. Egemea mbele kidogo, uzito ukiwa zaidi kwenye mguu wa mbele. Anayeegemea nyuma husukumwa akapoteza mizani.

Hatua ya pili: Tafuta kishimo cha bega. Inua mkono wa kulia kama anayetaka kulenga, kisha papasa kwa vidole vya kushoto. Kati ya mfupa wa mtulinga na kifundo cha bega utakuta sehemu laini yenye nyama. Hapo ndipo mahali pa kitako. Kikikaa juu ya mtulinga, mfupa hupokea pigo. Kikikaa kwenye msuli wa mkono, msuli huvilia damu.

Hatua ya tatu: Vuta kitako kiingie barabara begani kabla ya kufyatua. Hili ndilo kosa la wengi. Anayeogopa teke huiacha bunduki mbali kidogo na bega, akidhani anajiepusha. Nafasi hiyo ndogo huipa bunduki uwanja wa kukimbilia, nayo hufika begani kama nyundo. Iliyoshikamana na bega husukuma mwili mzima, na mwili mzima ni mzito kuliko bega peke yake.

Hatua ya nne: Laza shavu kwenye ubao wa kitako na ulibakize hapo. Shavu linaloelea hupigwa. Ikiwa bunduki ina darubini, acha takribani sentimita 8 hadi 10 kati ya jicho na kioo. Alama ya mwezi mchanga juu ya nyusi za wapigaji wengi ni ya darubini iliyosogezwa karibu mno.

Hatua ya tano: Vuta pumzi, itoe nusu, kisha bana kifyatulio polepole bila kukikwapua. Baada ya mlio, baki ulivyo kwa sekunde moja, macho yakiwa kwenye shabaha.

Usifyatue huku mgongo umeegemea nguzo, mti au ukuta. Mwili unaoweza kuyumba nyuma hulimeza teke, na mwili uliozuiwa hulipokea lote. Kwa sababu hiyohiyo, kulala kifudifudi huumiza zaidi kuliko kusimama. Bunduki yenye teke kali isijaribiwe kwa mara ya kwanza ukiwa umelala.

5. Kuuzoeza mwili bila kuutesa

Anza na bunduki yenye teke dogo, kama ile ndogo ya .22, mpaka mikono izoee utaratibu. Ukihamia kubwa, piga risasi chache kwa siku, kisha pumzika. Risasi tano zilizopigwa kwa utulivu hufundisha kuliko ishirini zilizopigwa kwa kuuma meno. Ukiwa mezani uwanjani, mfuko mdogo wa mchanga kati ya kitako na bega husaidia sana.

Linda masikio kila mara. Mlio wa bunduki huzidi desibeli 140, na mlio mmoja tu unaweza kudhuru usikivu daima. Tena, sehemu ya woga ambao watu hudhani ni wa teke huwa ni woga wa kishindo. Vizibo vya masikio vikishavaliwa, mpigaji wa namna hiyo hutulia.

Ili kupima kama una woga, mkufunzi anaweza kuweka risasi ya mazoezi isiyo na baruti katikati ya risasi halisi bila wewe kujua. Kifyatulio kikibanwa na mlio usisikike, mtutu unapaswa kubaki palepale. Ukishuka ghafla, hilo ndilo jibu. Rudi kwenye bunduki ndogo. Hakuna aibu katika hilo, na hata wapigaji wa miaka mingi hurudi.

6. Ukiumia

Wekundu au uvimbe mdogo hupona kwa kupumzika. Kanda kwa kitambaa cha maji baridi kwa dakika 15, mara kadhaa kwa siku. Usikande kwa maji ya moto wala kuchua katika siku mbili za mwanzo, ingawa wengi wetu ndivyo tulivyozoezwa nyumbani. Joto huzidisha uvimbe wa jeraha bichi. Usifyatue tena mpaka maumivu yaishe kabisa.

Nenda hospitali bila kuchelewa ukiona mojawapo ya dalili hizi: huwezi kuinua mkono, kuna kinundu kipya kwenye mtulinga, bega limebadilika umbo, vidole vina ganzi au vimelegea. Funga mkono kwa kanga shingoni ili usitikisike, kisha nenda kwenye hospitali yenye eksirei, kama ile ya Peramiho au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Songea. Mweleze daktari ukweli kwamba ni bunduki, ili ajue pa kutazama.

7. Jipime

Jibu maswali haya bila kutazama juu, kisha linganisha.

Swali: Kati ya bunduki ya kilo 3 na ya kilo 4 zinazotumia risasi moja, ipi itaumiza bega zaidi?
Jibu: Ya kilo 3.

Swali: Kitako kikae wapi?
Jibu: Kwenye kishimo chenye nyama kati ya mtulinga na kifundo cha bega, kikiwa kimevutwa barabara.

Swali: Kwa nini mlinzi wa shamba asifyatue akiwa ameegemea nguzo ya dungu?
Jibu: Kwa sababu mwili uliozuiwa hauwezi kuyumba, hivyo bega hupokea pigo lote.

Swali: Bega limevilia damu na usiku unaingia. Je, ubebe bunduki kwenda shambani?
Jibu: Hapana. Bega linaloogopa halilengi, na wewe hujui nani yupo upande wa pili wa mahindi. Usiku huo linda kwa debe na moto, au mwombe jirani mshirikiane zamu.