SOMO LA MWEZI HUU: PEDI ZA BREKI ZILINGANE NA KAZI YA GARI

Wakulima wengi katika mashamba ya makazi siku hizi wana pikapu. Asubuhi hupeleka maziwa, siku ya soko hubeba viazi, na Jumapili huchukua jamaa kwenda kanisani. Lakini siku ya kubadilisha pedi za breki, mwenye gari humwambia fundi, "Nitilie zile za bei rahisi." Hilo ni kosa. Mbegu huchaguliwa kwa kufuata udongo na mvua. Pedi nazo huchaguliwa kwa kufuata mzigo, njia na mwendo wa dereva.

Pedi hufanya kazi gani?

Ukikanyaga breki, pedi mbili huibana diski inayozunguka pamoja na gurudumu. Msuguano huo hugeuza mwendo wa gari kuwa joto. Uzito wa gari na mzigo wake ukiwa mara mbili, joto huwa mara mbili. Lakini mwendo ukiwa mara mbili, joto huwa mara nne! Pedi ikipata joto kupita uwezo wake, haishiki tena: dereva hukanyaga kwa nguvu, na gari halipunguzi mwendo.

Pedi ni za namna tatu

1. Pedi laini. Hizi hutengenezwa kwa nyuzi, mpira na gundi. Hazipigi kelele, haziharibu diski, na bei yake ni nafuu. Lakini huisha upesi na hushindwa joto likizidi. Zafaa gari jepesi, dereva mpole na njia tambarare.

2. Pedi zenye chuma. Ndani yake mna vipande vya chuma. Hustahimili joto na mzigo mzito, ingawa hupiga kelele na kula diski upesi zaidi. Zafaa pikapu ya mizigo na nchi ya milima.

3. Pedi za seramiki. Ni kimya, hazina vumbi jingi, na hudumu sana, lakini bei yake ni ghali. Zafaa gari la jamaa liendalo mjini kwa barabara ya lami. Kwa pikapu ya magunia, heri zenye chuma.

Tuchukue mfano

Mkulima wa Kinangop apeleka viazi Naivasha. Magunia 20 ya kilo 50 ni tani nzima, na njiani gari hushuka zaidi ya mita 500. Akienda mtupu, pedi laini huenda zikamtosha. Akiwa na mzigo, pedi zile zile zaweza kumwacha katikati ya mteremko. Huyu achague zenye chuma. Jirani yake apelekaye mitungi michache ya maziwa kwenye kituo cha karibu, kwa njia tambarare, hana haja ya gharama hiyo.

Lakini kumbuka: hakuna pedi itakayomwokoa dereva ateremkaye bila gia. Mteremko wa Sachangwan hadi Salgaa, katika barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, umeua watu wengi, na tabia hiyo ya malori imelaumiwa sana. Wengine hudhani wanaokoa mafuta. Sivyo. Magari mengi ya kisasa yakiteremka katika gia, mguu ukiwa umeondolewa kwenye mafuta, injini hukatiwa mafuta. Bila gia, injini huendelea kuyala. Basi teremka kwa gia ya chini, ile ambayo ungeipandia mlima huo.

Unaponunua na baada ya kununua

(a) Tazama herufi mbili zilizoandikwa kwenye pedi nyingi, kama FE au FF. Ya kwanza yaonyesha jinsi inavyoshika ikiwa na joto la kawaida, ya pili ikiwa na joto kubwa. F hushika kuliko E. Kwa hiyo FE hupungua nguvu ikipata moto. FF haishuki daraja.

(b) Pedi ikibaki unene wa milimita 3, ibadilishe.

(c) Badilisha magurudumu yote mawili ya mbele pamoja, si upande mmoja, gari lisije likavuta kando.

(d) Pedi mpya zizoeshe. Kwa kilomita 300 za kwanza usifunge breki kwa ghafula, isipokuwa katika hatari.

(e) Badilisha oili ya breki kila miaka miwili. Hunyonya maji, na maji hayo huchemka breki zikipata joto. Hapo pedali huzama bure.

(f) Vumbi la breki usilipulize kwa mdomo. Lifute kwa kitambaa chenye maji.

Maswali ya kujipima

1. Mwendo ukitoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, joto la breki huongezeka mara ngapi?
2. Gari lako hubeba nini, na hupita njia gani? Ni pedi gani zifaazo?
3. Pedi zilizomo sasa zimebaki unene gani? Kama hujui, mwulize fundi kabla ya kupakia gunia la kwanza.