Somo la Kikundi: Kuuliza Si Uasi



Somo la leo ni zito. Mmoja asome kwa sauti, pole pole, kisha mjadiliane.

SHABAHA: Kutambua dalili za kundi la dini linalowafunga watu, na kujua namna ya kumpokea anayetoka huko.

YALIYOTOKEA

Kule Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, palikuwa na kundi lililosema linarudisha Amri Kumi za Mungu. Tuseme ukweli: lilianzia miongoni mwetu Wakatoliki, na mmoja wa viongozi wake alikuwa padre. Waumini waliuza mali zao wakawaletea viongozi pesa. Kuzungumza kulikatazwa, wakawa wanaelewana kwa ishara. Waliambiwa dunia itakwisha mwisho wa mwaka 1999. Haikwisha. Ndipo baadhi yao wakaanza kuuliza maswali, wengine wakadai mali yao. Tarehe 17 Machi 2000, mamia ya watu, wakiwemo watoto, waliteketea kwa moto ndani ya jengo lao la ibada. Baadaye maiti nyingine zilifukuliwa katika nyumba za kundi hilo.

Kwetu Kenya, kuanzia Aprili 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kilifi. Ni watu walioambiwa wasile ili wakutane na Yesu.

MTEGO UNAVYOFANYA KAZI

Hakuna anayejiunga ili afe. Mtu huenda kwa sababu ana ugonjwa, msiba au upweke, na huko anapokelewa vizuri. Kisha:

1. Swali hugeuzwa dhambi. Ukiuliza pesa zimekwenda wapi, unaambiwa shetani amekuingia. Mwishowe unajinyamazisha mwenyewe.

2. Jamaa hugeuzwa maadui. Unakatazwa kwenda nyumbani, hata matanga.

3. Mali huisha. Asiye na shamba wala nauli atarudi wapi?

4. Anayetoka huitwa msaliti. Waliobaki wanakatazwa hata kumsalimu, awe mke au mtoto. Basi anayetaka kutoka anahesabu atakachopoteza, anabaki.

Lakini tusikosee. Kufunga, kusali na kutoa sadaka si kosa. Tazameni mlango: kuingia ni rahisi, kutoka hakuna njia. Mtume Tomaso alitia shaka, na Yesu hakumfukuza. Alimwonyesha majeraha yake.

NA SISI JE?

Mama mmoja alirudi kijijini kutoka kundi la namna hiyo. Tulimtembelea baada ya miezi mitatu. Alituambia kwamba njaa ya kule aliizoea. Kilichomshinda ni watu kumwita "Malaika" kila akienda kisimani. Alikuwa akifikiria kurudi kule. Tuliona aibu, maana jina hilo tulilisikia mapema na sisi tukacheka. Wale walifunga mlango upande wao, sisi tukaufunga upande huu.

MAMBO YA KUFANYA

- Aliye ndani msibishane naye sana. Mpelekeeni salamu na habari za nyumbani, hata asipojibu.

- Akirudi, asihojiwe mbele ya watu. Apewe chakula, mahali pa kulala na kazi ya mikono pamoja na wenzake. Asilazimishwe kuingia kanisa letu. Kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010 kinalinda uhuru wa kila mtu wa dhamiri na dini.

- Mtoto akinyimwa chakula, shule au matibabu kwa jina la dini, msingoje mkutano ujao. Mwambieni chifu siku hiyo hiyo, au pigeni simu ya watoto, nambari 116. Haina malipo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kikundi chetu, mwanachama akiomba kuona daftari la mweka hazina, anajibiwaje?

2. Anayetaka kuacha kikundi, je, anarudishiwa akiba yake, ama anasemwa vibaya?

3. Ni nani aliyeondoka kijijini kwa ajili ya kundi la dini na hatujasikia habari zake? Nani atampelekea salamu, na lini?

Swali la tatu msiliache bila jibu. Andikeni jina la atakayekwenda, na katika mkutano ujao aanze yeye kutoa ripoti.