Kujiona mama asiyefaa huenda ikawa dalili ya ugonjwa

Mtoto amezaliwa salama, jamaa wamemiminika na uji na njahi, nawe mama unatarajiwa kuwa na furaha. Lakini huna. Mtoto akilia, unajiambia kuwa mama mwingine yeyote angemtunza vyema kukushinda. Usiliamini wazo hilo upesi.

Ni kawaida kulialia kati ya siku ya 3 na ya 5 baada ya kujifungua, kwani wakati huo homoni za ujauzito huwa zimeshuka ghafla. Hali hiyo huisha yenyewe kabla ya wiki 2 kutimia. Ikizidi hapo, au ikianza miezi kadhaa baadaye, yaweza kuwa unyogovu wa baada ya kujifungua. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa katika nchi zinazoendelea, karibu mama mmoja kati ya watano hupatwa na tatizo la akili baada ya kujifungua, hasa unyogovu.

Dalili zake ni huzuni isiyoondoka, kukosa usingizi hata mtoto anapolala, kutopenda chakula, wasiwasi na kujilaumu kwa kila jambo. Maziwa yakichelewa kutoka, kosa ni lako. Mtoto akishikwa na mafua, kosa ni lako. Ugonjwa humnyima mama imani katika uwezo wake, na kukosa imani humzidishia huzuni. Huu si uvivu, si kudeka, wala si kurogwa.

Jamaa wenye nia njema nao hukosea. Nyanya humchukua mtoto kutwa ili mama apumzike, naye mama huona amethibitishiwa kuwa hawezi. Afadhali msaidieni kupika na kufua, na kumshika mtoto mama anapolala. Kisha mwacheni amwogeshe mwenyewe, nanyi mkae karibu mkimsifu kwa alilofanya vyema. Nawe baba, amka usiku umbadilishe mtoto nepi.

Je, utajuaje kama unahitaji matibabu? Jiulize maswali mawili. Katika mwezi uliopita, umesumbuliwa mara kwa mara na huzuni au kukata tamaa? Umekosa hamu ya mambo uliyoyapenda? Ukijibu ndiyo kwa lolote, usinyamaze. Mtoto hupelekwa kliniki kwa chanjo akiwa na wiki 6, 10 na 14. Mara nyingi yeye tu ndiye hupimwa. Usingoje kuulizwa, mwambie muuguzi hali yako.

Daktari huenda akapima damu yako, kwani upungufu wa damu na hitilafu za tezi ya shingo pia huleta uchovu na huzuni. Matibabu ni ushauri nasaha, na ikibidi, dawa. Zipo zinazofaa mama anayenyonyesha, kama vile sertraline. Usiache dawa wala kunyonyesha bila kumwuliza daktari.

Lakini mama akianza kusikia sauti, kuchanganyikiwa, au kufikiria kujidhuru au kumdhuru mtoto, hiyo ni dharura. Apelekwe hospitali siku iyo hiyo, na asiachwe peke yake hata kidogo.

Ulezi hujifunzwa polepole. Unyogovu nao hutibika, na mama aliyepona huona kuwa uwezo aliodhani hana alikuwa nao tangu mwanzo.