Jifunze: Ukikuta Mifupa ya Kale, Usiihamishe

Maji ya mvua huyeyusha mwamba wa chokaa polepole, hadi pango likatokea. Hivyo ndivyo lilivyotokea Panga ya Saidi, pango lililo hapa katika Kaunti ya Kilifi, takriban kilomita 15 kutoka baharini.

Uchimbaji wa kitaalamu ulianza humo mwaka 2010. Yalipatikana mabaki ya mtoto wa miaka 2 na nusu hadi 3, aliyezikwa miaka 78,000 hivi iliyopita. Watafiti walimpa jina Mtoto. Ndilo kaburi la kale zaidi la binadamu linalojulikana barani Afrika. Habari hiyo ilitangazwa ulimwenguni mwaka 2021.

Walijuaje kuwa alizikwa? Alilazwa ubavu, magoti yamekunjwa, ndani ya shimo lililochimbwa na kufukiwa. Mifupa ilikuwa dhaifu, ikatolewa pamoja na udongo wake. Ingechomolewa mmoja mmoja, ushahidi ungepotea.

Mkazi wa Kikambala, ukichimba kisima, choo au mawe ukakuta mifupa, vigae au zana za kale:

• Simamisha kazi.
• Usiguse wala kuhamisha kitu.
• Mjulishe chifu na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Sheria ya mwaka 2006 inataka uvumbuzi kama huo uripotiwe.