Kuhesabu Ndege kwa Simu za Upepo

Delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, imo katika eneo lililoingizwa mwaka 2004 kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu. Mwalimu awapelekapo wanafunzi kuhesabu ndege huko, hukabiliwa na tatizo: yangeyange waliohesabiwa ukingo huu wa mto huruka na kuhesabiwa tena ukingo wa pili. Simu ndogo za upepo, za masafa mafupi, zaweza kuondoa kosa hilo. Uliza kwanza Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania kama kibali chahitajika.

Ligawe darasa makundi mawili, kila moja na mtu mzima. Kundi linaloona ndege wakiruka litaje aina, idadi, saa na upande wanakoelekea. Kundi la pili lirudie maneno hayo, kisha liandike. Abonyezaye kitufe husema tu, hasikii; kwa hiyo wasemeane kwa zamu, tena kwa sauti ya chini wasiwafukuze ndege.

Mikoko iliyosongamana hupunguza masafa ya mawimbi. Basi zijaribuni simu kabla ya kutawanyika, na mpatane saa ya kurejea kabla maji hayajajaa. Kundi lisilosikia wenzake lirudi mara moja. Hesabu iliyokatizwa yaweza kurudiwa siku nyingine.

Zoezi: Andaa somo kama hili kwa Darasa la Sita.